Faili la Mgonjwa katika Kompyuta ya Watu Wengi

Saa nane mchana, katika chumba cha takwimu cha kliniki ya tiba na matunzo kwa watu wanaoishi na VVU, karani anatoa kwenye kanzidata orodha ya wagonjwa waliokosa kuhudhuria mwezi huu. Orodha ina namba ya usajili, jina, kijiji, simu na aina ya dawa. Anaihifadhi kama jedwali ndani ya folda aliyoitengeneza mwenyewe kwenye diski C na kuipa jina la Ripoti. Anachapisha nakala moja, anampelekea mratibu, kisha anafunga akaunti yake kama alivyofundishwa. Jioni, mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo anaingia kwenye kompyuta hiyohiyo kwa akaunti yake na nywila yake, akitafuta mahali pa kuandikia taarifa yake ya wiki. Anaiona folda. Anaibofya, nayo inafunguka. Jina la nne katika orodha ni la shangazi yake.

Mfano huu umetungwa, lakini hakuna hatua ndani yake iliyo ngeni kwa mtu aliyewahi kufanya kazi katika kituo cha afya. Hakuna nywila iliyoibwa, hakuna mdukuzi, wala hakuna aliyevunja kanuni anayoijua. Folda ilifunguka kwa sababu uamuzi wa nani aione ulikwisha kufanywa kabla karani hajaipa jina. Uamuzi huo hufanywa na mfumo endeshi wa kompyuta kila faili jipya linapozaliwa, nao huitwa ruhusa za awali, au kwa istilahi iliyozoeleka siku hizi, chaguo-msingi la ruhusa. Mtumishi wa afya ambaye hajawahi kulisikia jambo hili hulitumia mara kadhaa kwa siku.

Mifumo ya kielektroniki ya hospitali, kama GoT-HoMIS inayotumika Tanzania, au OpenMRS iliyozaliwa mwaka 2004 kutokana na mahitaji ya kliniki za VVU huko Eldoret, Kenya, huwa na ulinzi wake wa ndani. Mtu wa mapokezi huona yake, mfamasia yake, daktari yake. Ulinzi huo hukoma pale orodha inapotolewa nje ya mfumo na kuwa jedwali, picha ya skani au hati ya kawaida. Tangu dakika hiyo kinachoilinda ni ruhusa za faili peke yake. Kwa kuwa ripoti za kila mwezi, rufaa, tafiti za wanafunzi na mawasiliano na bima hutegemea majedwali ya namna hii, siri nyingi za wagonjwa hukaa nje ya mfumo uliojengwa kuzitunza.

Asili ya jambo hili

Kompyuta za mwanzo zilikuwa za mtu mmoja kwa wakati mmoja. Swali la nani asome faili la nani lilizaliwa pale watu wengi walipoanza kuitumia mashine moja kwa pamoja. Mojawapo ya mifumo ya kwanza ya namna hiyo ni CTSS, ulioonyeshwa mwaka 1961 katika chuo cha MIT, Marekani, chini ya uongozi wa Fernando Corbató. Ni katika mfumo huo nywila zilipoanza kutumika kutenganisha mafaili ya mtu na mtu.

Miaka michache baadaye mfumo huohuo ulitoa somo ambalo hospitali yoyote ingefaa kulitafakari. Wasimamizi wawili walikuwa wakifanya kazi kwa wakati mmoja katika folda moja. Mmoja akihariri tangazo la siku, mwingine akihariri faili la nywila. Programu ya kuhariria ilikuwa imeandikwa kwa dhana kwamba ndani ya folda moja hataitumia zaidi ya mtu mmoja kwa wakati, kwa hiyo mafaili yake ya muda yalikuwa na jina lilelile siku zote. Mafaili hayo mawili yakabadilishana nafasi. Kila aliyeingia kwenye mfumo, badala ya kusoma tangazo, alisoma orodha ya nywila za watumiaji wote. Corbató mwenyewe alikuja kulisimulia tukio hilo alipopokea tuzo ya Turing, akieleza jinsi mifumo mikubwa inavyoshindwa. Kosa halikutokana na nia mbaya. Lilitokana na dhana iliyofaa kwa mtu mmoja, ikaachwa iendelee kutumika walipokuwa wengi.

Mfumo wa Unix, ulioanzishwa mwaka 1969 katika maabara za Bell na Ken Thompson pamoja na Dennis Ritchie, uliweka utaratibu ambao bado unatawala seva nyingi duniani, zikiwemo za Linux. Kila faili lina mmiliki, lina kundi, na wanaobaki huitwa wengine. Kila mmoja wa hawa watatu anaweza kupewa au kunyimwa ruhusa tatu: kusoma, kuandika na kuendesha. Kusoma hupewa uzito wa 4, kuandika 2, kuendesha 1, na jumla yake huandikwa kwa tarakimu moja. Faili lenye ruhusa 644 humwezesha mmiliki kusoma na kuandika, na watu wa kundi na wengine wote kusoma tu. Faili la 600 ni la mmiliki peke yake. Na 777 humpa kila mtu kila kitu.

Programu inapotengeneza faili jipya, kwa kawaida huomba ruhusa 666, yaani kusoma na kuandika kwa wote. Kwa folda huomba 777. Mfumo haukubali ombi lote. Huweka mbele yake barakoa, iitwayo umask, ambayo huondoa baadhi ya ruhusa. Barakoa iliyozoeleka kwa miaka mingi ni 022. Huwaondolea kundi na wengine uwezo wa kuandika, lakini huwaachia uwezo wa kusoma. Ndiyo maana faili la kawaida huzaliwa likiwa 644 na folda ikiwa 755. Barakoa ya 027 huacha kundi lisome na kuwafungia wengine kabisa. Ya 077 humwachia mmiliki peke yake.

Uamuzi wa kuacha kusoma kuwe wazi haukuwa uzembe. Mfumo ulijengwa na watafiti kwa ajili ya watafiti, watu waliosomeana kazi na kusaidiana, ambao kilichowatia hofu ni mwenzao kuharibu kazi yao kwa bahati mbaya. Kuiona tu hakukuwa na madhara. Hospitali ni kinyume chake. Kwa orodha ya majibu ya vipimo, kuona peke yake ndiyo madhara yenyewe. Tabia ya maabara ya watafiti wa kompyuta imerithiwa na wodi bila mtu kuuliza kama inafaa huko.

Urithi huu hubadilika polepole. Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux yanayotumika sana, kwa miaka mingi iliyaacha makabrasha binafsi ya watumiaji yakiwa 755, yaani mtumiaji yeyote wa mashine aliweza kuingia katika kabrasha la mwenzake na kusoma. Ni katika toleo la 21.04, la mwaka 2021, ndipo makabrasha mapya yalianza kufungwa kwa 750. Neno la kushikwa hapo ni mapya. Seva iliyosimikwa kabla ya hapo, hata ikiwa imehuishwa mara nyingi, hubaki na ruhusa zake za zamani mpaka mtu azibadilishe kwa mkono. Barakoa mpya nayo ni kama chanjo: humkinga atakayezaliwa au ambaye hajaambukizwa, haimtibu aliyekwisha kuugua. Kubadilisha umask leo hakuyafungi mafaili ya jana.

Windows na folda ya karani

Kompyuta nyingi za wodini na ofisini hutumia Windows, na hapo mambo huenda kwa njia nyingine ingawa matokeo hufanana. Katika Windows folda mpya hurithi ruhusa za folda iliyoizaa. Folda ndogo inayotengenezwa ndani ya Documents ya mtumiaji hurithi ufaragha wa akaunti yake: yeye, mfumo wenyewe, na wasimamizi wa kompyuta. Mtumiaji mwingine wa kawaida akijaribu kuingia hukataliwa. Lakini folda inayotengenezwa moja kwa moja kwenye diski C, nje ya eneo la mtumiaji, hurithi ruhusa za mzizi wa diski, na katika matoleo ya miaka mingi sasa ruhusa hizo humwezesha kila mtu mwenye akaunti kwenye kompyuta hiyo kusoma, kubadilisha na hata kufuta kilichomo. Katika Windows 2000 na matoleo yaliyoitangulia hali ilikuwa wazi zaidi ya hapo.

Kwa hiyo mwanafunzi wa mfano wetu hakuweza kusoma tu. Angeweza kufuta jina la shangazi yake, au kubadilisha aina ya dawa, na kompyuta isingemzuia. Kama karani angeihifadhi orodha ileile ndani ya Documents yake, hatua moja pembeni, folda isingefunguka. Umbali kati ya siri kutunzwa na siri kuvuja ulikuwa ni mahali pa kuhifadhia, na hakuna mafunzo ya kawaida ya karani yanayoligusa hilo.

Kuna pia flashi, ambayo katika vituo vingi ndiyo mtandao halisi wa kuhamishia taarifa kutoka chumba hadi chumba. Flashi nyingi hupangwa kwa mfumo wa FAT32 au exFAT, na mifumo hiyo haina kabisa mahali pa kuandika mmiliki wala ruhusa. Faili lililofungwa vizuri kwenye kompyuta likinakiliwa kwenye flashi huacha ruhusa zake mlangoni. Yeyote anayeiokota husoma kila kitu. Kinachosaidia hapo ni kulifunga faili lenyewe kwa nywila na usimbaji fiche.

Jambo jingine husahaulika hata na mafundi: jina la faili ni taarifa. Katika Linux mtu anaweza kunyimwa kusoma faili lakini akaruhusiwa kuorodhesha folda, na hapo ataona majina. Faili linaloitwa kwa jina la mgonjwa likifuatiwa na neno VVU, au TB sugu, au mimba imeharibika, limekwisha kusema yote kabla ya kufunguliwa. Majina ya mafaili yafaa kubeba namba ya usajili na tarehe, si jina wala ugonjwa.

Ruhusa ya kuandika na usalama wa tiba

Mazungumzo kuhusu siri za wagonjwa huelekea kwenye kusoma. Kwa tabibu, kuandika kunaweza kuwa hatari zaidi. Chukua jedwali la dozi za watoto kwa uzito, lililohifadhiwa kwenye folda ya pamoja ya wodi ya watoto ili kila muuguzi wa zamu alitazame. Kila anayelifungua ana ruhusa ya kuandika, kwa sababu folda iliachwa hivyo. Usiku mmoja mtu anapanga safu moja ya jedwali kutoka ndogo kwenda kubwa, bila kuchagua safu zilizo pembeni yake, kisha programu inamwuliza kama ahifadhi, naye anakubali ili dirisha lifunge. Asubuhi jedwali lina sura ileile, vichwa vilevile na nembo ya hospitali juu. Ila uzito wa kilo 6 sasa umekaa mbele ya dozi ya mtoto wa kilo 20.

Kosa la namna hii halina mvujaji wala mwizi, na halileti malalamiko mpaka mtoto apate madhara. Kinga yake ni nyepesi: jedwali la rejea liwe na mwandishi mmoja au wawili wanaojulikana, na wengine wote wawe wasomaji. Katika lugha ya Linux hiyo ndiyo 644 au 640, na hapa, kwa mara moja, desturi ya zamani ya watafiti inaifaa wodi.

Kufuta nako kuna mtego wake. Watu wengi hudhani kwamba faili ambalo hawana ruhusa ya kuliandika hawawezi kulifuta. Katika Unix na Linux sivyo. Kufuta ni kubadilisha orodha ya folda, kwa hiyo kinachotazamwa ni ruhusa ya kuandika kwenye folda, si kwenye faili. Faili la picha za mionzi linaweza kuwekwa kuwa la kusomwa tu, na bado likafutwa na mtu yeyote mwenye ruhusa ya kuandika kwenye folda lilimo. Ipo alama maalumu ya folda, tarakimu 1 inayotangulia zile tatu, kama katika 1777, inayomzuia mtu kufuta kisichokuwa chake. Folda za muda za mfumo huwekewa alama hiyo tangu mwanzo, lakini folda zinazotengenezwa na watu hazina mpaka ziwekewe.

Virusi vya kudai fidia navyo hupita katika mlango huu. Programu hasidi inayosimba mafaili hufanya kazi kwa mamlaka ya mtumiaji aliyeifungua. Haiwezi kuharibu zaidi ya kile ambacho akaunti hiyo inaruhusiwa kuandika. Shambulio la WannaCry la Mei 2017, lililovuruga takriban theluthi moja ya taasisi za huduma za hospitali za Uingereza, liliingia kwa ufa wa programu ambao haukuwa umezibwa, si kwa ruhusa za mafaili. Hata hivyo swali la baadaye huwa lilelile katika kila shambulio: akaunti moja iliyoambukizwa iliweza kufika kwenye folda ngapi? Pale ambapo kila mtu anaandika kila mahali, jibu ni zote.

Tarakimu 777

Yeyote aliyekaa karibu na mafundi wa kompyuta wa hospitali ameshuhudia tukio hili. Mashine ya mionzi inashindwa kuhifadhi picha kwenye seva, wagonjwa wamejaa ubaoni, mkuu wa idara anapiga simu kila baada ya dakika kumi. Fundi anahisi tatizo ni ruhusa. Hana muda wa kutafuta ni akaunti ipi inakosa ruhusa ipi. Anaandika amri moja inayoweka 777 kwenye folda nzima na vyote vilivyomo. Picha zinaanza kuingia. Fundi anashukuriwa, na folda inabaki hivyo miaka.

Madaktari hawana haki ya kumcheka. Wanaandika dawa ya viuavijasumu vya wigo mpana kwa homa ambayo haijapimwa, kwa sababu zilezile: foleni, shinikizo, na uhakika kwamba kitu fulani ndani ya wigo huo kitafanya kazi. Homa inashuka, na gharama inaonekana baadaye, kwa mtu mwingine. Katika hali zote mbili kinachokosekana ni kurudi kesho yake na kupunguza. Fundi aliyeweka 777 usiku wa dharura alifanya jambo linaloeleweka. Msimamizi ambaye hakumpa saa mbili asubuhi yake ili atafute ruhusa sahihi ndiye wa kuulizwa.

Nakala rudufu hustahili kutajwa hapa, maana ndipo hasara kubwa hujificha. Seva nyingi za kumbukumbu za wagonjwa hutoa kila usiku nakala ya kanzidata nzima katika faili moja. Kazi hiyo ikiendeshwa kwa barakoa ya 022, faili linalozaliwa ni 644. Kanzidata yenyewe inaweza kuwa na nywila imara na majukumu yaliyogawanywa kwa uangalifu, huku pembeni yake, katika folda iliyo wazi, kuna nakala yake kamili inayosomeka na kila mwenye akaunti kwenye seva, pamoja na programu nyingine zinazoendeshwa humo. Mstari mmoja wa umask 077 mwanzoni mwa kazi ya usiku huliondoa tatizo kwa nakala zijazo, na amri moja nyingine huzifunga zilizopita.

Kosa lisilouma

Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder wa MIT walichapisha makala ambayo bado hufundishwa kuhusu ulinzi wa taarifa katika kompyuta. Miongoni mwa kanuni zao, moja inahusu hali ya awali: mfumo uanze kwa kukataa, kisha uruhusu pale inapothibitika kwamba ruhusa inahitajika. Hoja yao ina mantiki ambayo tabibu ataitambua mara moja. Mfumo unaoanza kwa kukataa ukikosewa, mtu hunyimwa anachostahili, atalalamika, na kosa litarekebishwa siku hiyohiyo. Mfumo unaoanza kwa kuruhusu ukikosewa, mtu hupewa asichostahili. Huyo halalamiki. Kosa hukaa kimya.

Tofauti hiyo ni ile iliyopo kati ya jino linalouma na shinikizo la juu la damu. La kwanza humleta mgonjwa mwenyewe. La pili lazima litafutwe kwa kupimwa, tena kwa ratiba, kwa mtu anayejiona mzima. Folda iliyo wazi kupita kiasi haitoi dalili. Itaonekana tu ikiwa kuna mtu aliyepewa kazi ya kuitafuta: mara moja kwa robo mwaka, kuorodhesha mafaili yanayosomeka na wote na yanayoandikika na wote, na kuuliza kwa kila moja sababu yake. Kazi hiyo haihitaji programu ya kununua. Linux na Windows zote huja na zana za kuifanya.

Hata hivyo, kufunga kupita kiasi nako huua. Daktari wa zamu anayempokea mgonjwa aliyepoteza fahamu saa tisa usiku hawezi kungoja asubuhi ili aruhusiwe kusoma historia ya mzio wa dawa. Mifumo mizuri ya hospitali huweka njia ya dharura, inayomruhusu mhudumu kufungua kumbukumbu isiyo ya mgonjwa wake kwa kutaja sababu, huku tendo hilo likiandikwa na kupitiwa baadaye. Kwa mafaili ya kawaida, njia ya kati ni kundi. Watumishi wa kliniki moja huwekwa katika kundi moja, folda yao hufunguliwa kwa kundi hilo, na wengine hufungiwa; katika Linux folda ya 2770 hufanya hivyo na kuhakikisha faili jipya linakuwa la kundi la folda, si la kundi binafsi la aliyelitengeneza. Mtumishi akihamishwa idara, jina lake huondolewa kwenye kundi. Sehemu hii ya mwisho ndiyo isiyofanyika.

Akaunti ya wodi

Yote yaliyoelezwa mpaka hapa hutegemea dhana moja, kwamba kompyuta inajua nani ameketi mbele yake. Katika wodi nyingi haijui. Kuna akaunti moja iitwayo wodi, au mapokezi, na nywila yake imeandikwa kwenye plasta iliyobandikwa chini ya kioo. Wote wanaingia kwa jina hilo: muuguzi kiongozi, wanafunzi, mhudumu wa usafi anayechaji simu na kusikiliza muziki. Machoni pa kompyuta hawa ni mtu mmoja, na mtu huyo ndiye mmiliki wa kila faili. Ruhusa 600 iliyo kali kabisa haimzuii yeyote kati yao.

Kulaani desturi hii ni rahisi, kuielewa kunahitaji kusimama wodini. Muuguzi mmoja mwenye wagonjwa thelathini hawezi kuingia na kutoka kwenye akaunti mara sitini kwa zamu, kwenye kompyuta inayochukua dakika tatu kufunguka. Kompyuta yenye kasi na njia ya haraka ya kubadilisha mtumiaji vitaleta akaunti binafsi wodini mapema kuliko waraka wa onyo. Pale ambapo akaunti ya pamoja haikwepeki kwa sasa, angalau isihifadhi chochote: orodha zisomwe ndani ya mfumo wa hospitali, ambamo kila mtu huingia kwa jina lake, na pasiwe na majedwali kwenye uso wa kompyuta.

Sheria nayo imekwisha kusema. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ambayo huhesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Sheria ya Tanzania ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 ilikwisha kuweka wajibu wa usiri wa majibu ya kipimo kabla ya hapo. Lakini mgonjwa hasubiri mahakama. Anayeogopa kwamba jina lake limeonekana huacha kliniki ya karibu na kwenda ya wilaya nyingine, hulipa nauli kila anapokwenda kuchukua dawa, na siku nauli inapokosekana dawa nayo hukosekana. Kwa mtu anayetumia dawa za kufubaza VVU, hapo ndipo virusi hupata nafasi ya kuzaliana na kujenga usugu.

Kwa upande wa mgonjwa

Mgonjwa ana haki ya kuuliza. Swali lisiloudhi mtu ni kama hili: "Sista, karatasi hii mkiiweka kwenye kompyuta, nani mwingine anaweza kuifungua?" Muuguzi anayejibu kwamba ni watumishi wa kliniki hii peke yao ametoa jibu zuri. Anayejibu kwamba hajui ametoa jibu la kweli, na swali hilo likiulizwa na wagonjwa watano litamfikia mganga mfawidhi.

Kuna mahali pengine ambapo siri humtoka mgonjwa kwa mkono wake mwenyewe, napo ni dukani, kwenye stesheneri inayotoa huduma za kuchapa na kuskani. Mtu anahitaji kutuma ripoti ya daktari kwa mwajiri au kwa bima. Anampa kijana wa dukani karatasi, inaskaniwa, inatumwa, analipa, anaondoka na karatasi yake akidhani ameondoka na kila kitu. Nakala imebaki kwenye folda ya skani ya kompyuta ambayo wateja wote na vijana wote wa duka huitumia kwa akaunti moja. Anayetuma ripoti kwa WhatsApp kwenda kwenye simu ya duka ili ichapishwe huacha nakala nyingine kwenye simu hiyo, na mara nyingi ya tatu kwenye folda ya Downloads.

Kabla ya kulipa, mteja aombe faili lifutwe mbele ya macho yake, kisha pipa la taka la kompyuta lisafishwe, kwa sababu kilichofutwa hukaa humo mpaka kiondolewe. Kama alifungua barua pepe au WhatsApp yake kwenye kompyuta ya duka, ajitoe yeye mwenyewe, asifunge dirisha tu. Kwa WhatsApp anaweza pia kutazama kwenye simu yake orodha ya vifaa vilivyounganishwa na kukiondoa asichokitambua. Na pale inapowezekana, simu yake mwenyewe yenye kamera nzuri inatosha kupiga picha ya ripoti na kuituma moja kwa moja kwa anayeihitaji, bila kupita dukani.

Kituo kinachogundua folda iliyokuwa wazi kifanye kwa utaratibu uleule wa mtumishi aliyechomwa na sindano: kwanza hatua ya papo hapo, yaani kufunga ruhusa, kisha kuandika tarehe, folda, yaliyokuwamo na muda iliokuwa wazi, kisha kumjulisha kiongozi siku hiyohiyo, kabla mtu hajafuta chochote kwa nia ya kusafisha. Kufunga folda hakurudishi kilichosomwa. Mwanafunzi aliyeliona jina la shangazi yake aitwe faraghani, bila kufokewa, aelezwe kwamba alichokiona kinamfunga kwa usiri uleule unaomfunga daktari, hata mbele ya ndugu zake wa nyumbani. Na mratibu aamue, kwa kufuata sheria na mwongozo wa kituo, namna ya kumweleza mgonjwa mwenyewe, katika chumba kilichofungwa, siku yake ya kuja kuchukua dawa.